Nimetumwa Baiskeli

"Mume wangu hajaja kunifuata, na mimi siondoki hapa mpaka anifuate."

Ndivyo nilivyomwambia wifi yangu Isabela asubuhi ya Jumatatu, tukiokota korosho nyuma ya nyumba yao, Chilangala. Nilisema kwa sauti ya juu ili na kaka yangu Cyril asikie kule ghalani alikokuwa anapanga magunia.

"Nani amekufukuza, wifi?" Isabela akajibu. "Okota."

Kwetu sisi, mwanamke akiudhiwa na mumewe anakwenda kwa kaka yake. Kaka ndiye msimamizi wa ndoa yake. Mume akimtaka mkewe anakuja na mshenga wake, na kuku mkononi, anakaa mkekani, anasemwa mpaka jasho linamtoka, halafu mke anarudishwa kwake kwa heshima, anasindikizwa. Anayejirudisha mwenyewe, hajafuatwa, huyo watu watamcheka mpaka azeeke, na siku akigombana tena hana pa kwenda kulia. Mama yangu alifuatwa. Dada yangu mkubwa kafuatwa mpaka akiwa na wajukuu. Mimi Cecilia, Mama Huruma, miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kususa, na mara hii ya kwanza nimesusa, mume haji. Asipokuja maana yake ni moja tu, hanitaki, na kule Lulindi sina nyumba tena.

Na baiskeli yake ilikuwa palepale, imeegemezwa ukuta wa ghala, ringi ya mbele imepinda. Kila nikiinua kichwa naiona.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana mtu akisikia nusu atasema mimi ni mwehu.

Lameck, mume wangu, ni katekista. Kila Jumatano anapanda baiskeli anakwenda kijiji cha pili kufundisha watoto wa kipaimara. Sasa tangu Sabasaba akabadilika. Analala na soksi. Joto la Lulindi unalijua wewe, halafu mtu mzima analala na soksi! Anaoga giza likishaingia. Viatu vyake vyeusi vya kanisani kavisukumia uvunguni, anavaa kandambili, na soksi humohumo. Nikamwuliza, "Baba Huruma, umekuwa mtoto? Katekista na kandambili?" Akasema miguu inamwaka moto. Usiku nikimsogelea anajivuta ukutani. Mwanamke yeyote angewaza nini? Niambie.

Jumatano ile nilikuwa natoka mashineni, ndoo ya unga kichwani. Nikakutana na mama mmoja wa kijiji hicho cha pili, nikamwuliza mwanawe anaendeleaje na kipaimara. Akashangaa. "Mbona wamefunga, mama, mpaka korosho ziishe? Siku nyingi sasa." Nikamwambia ahsante, nikaenda zangu.

Sikufika mbali. Nyumba ya Dominika iko peke yake ng'ambo ya kijito, na pale ukutani, kivulini, nikaiona baiskeli ya mume wangu. Hakuna asiyeijua, ina kengele kubwa ya shaba, na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye keria. Baiskeli ya mtu ikiwa mlangoni, mwenyewe yumo ndani.

Dominika ni mjane. Alifanya kazi wodini miaka mingi, akastaafu, akarudi nyumbani, na watu wote tunamwita Nesi Dominika. Nami nilikuwa namwita hivyo kila siku. Lakini hasira ikishapanda kichwani haikumbuki mtu alifanya kazi gani. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikasimama, nikasikia sauti ya mume wangu ndani, "Aa, taratibu! Taratibu jamani!" na yule mwanamke anacheka.

Weee! Nikaitua ndoo ya unga mlangoni pale pale, wajue nani kapita. Kubisha hodi sikubisha. Nilikunja gauni, nikafunga kanga kiunoni, nikavuka bomba la katikati la baiskeli kama nilivyokuwa navuka nikiwa msichana, nikaikanyaga pedali.

Nilikuwa naenda nyumbani, naapa. Lakini kufika penye kona ya kwetu sikukata kona. Nikaenda mbele mpaka Chiungutwa, nikaikuta barabara kubwa, na barabara hiyo ukiielekea juu inakwenda Newala, kwa kaka yangu. Nikasema na iwe.

Jua la mwezi wa kumi lilinila kisogo. Vijana wa bodaboda wakanipigia kelele, "Mama, mashindano ni lini?" nikawapa matusi ambayo mke wa katekista hata hatakiwi kuyajua. Mlima ulipoanza nikashuka nikasukuma. Kila nikichoka, kila nikisema nigeuze nirudi, nasikia "taratibu jamani" masikioni, nguvu zinarudi. Katikati ya mlima nikapumzika chini ya mti, nikanywa maji ya kuomba, na yule mama aliyenipa maji akaniuliza kama nina mume. Nikamwambia heri ningekuwa mjane. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mchana kweupe.

Nikafika kwa kaka jua linazama, nyonga zinawaka, upepo wa baridi wa huko juu unanipiga kifuani. Badala ya kuiegemeza baiskeli nikaibwaga. Ikaangukia jiwe la kunolea mapanga, ringi ikapinda nikaona kwa macho. "Na wewe ufe," nikaiambia. Niligombana na chuma, jamani.

Jioni ileile simu ya kaka ikalia. Yangu niliiacha nyumbani kwenye chaji. Alikuwa Lameck. Kaka yangu ni mtu wa kufuata mila hatua kwa hatua, hana mzaha.

"Yuko kwangu, mzima," akasema. "Hapana, sikupi uongee naye. Mambo ya ndoa hayamalizwi kwenye simu, shemeji. Kama unamtaka mkeo, njoo hapa kwa miguu yako."

Nilifurahi nikataka kupiga vigelegele. Halafu nikaisikia sauti ya Lameck, ndogo, "Nimesikia, shemeji."

Basi nikamngoja. Nikasuka nywele. Nikaazima gauni la wifi. Nikapanga maneno yote nitakayomwambia mkekani, moja moja, na mengine nikayajaribu kwa sauti nikiwa chooni. Haji. Jumapili sikwenda kanisani, nikasingizia tumbo, maana huko wangeniuliza mwenzangu yuko wapi. Ndipo ikawa hiyo Jumatatu ninayoisema, tuko kwenye korosho.

"Hodi hodi! Mpo, au mmeshauana?"

Sauti hiyo naijua popote. Mzee Dadi, mshenga wetu. Ni Myao wa Masasi mjini, fundi cherehani, na sisi Wamakua ni watani wake. Tangu aje kumposea Lameck kwa wazee wangu hajawahi kunisalimia kwa adabu hata siku moja. Moyo uliruka. Mshenga kaja! Nikatupa korosho, nikajifuta uso, nikaenda kukaa mkekani nimenuna inavyotakiwa. Nikachungulia nyuma yake, hakuna mtu. Nikamtazama mikono, hakuna kuku.

Kaka akatoka ghalani, wakasalimiana, akamkaribisha kiti.

"Shemeji yuko wapi?"

"Hakuja."

"Sasa umetumwa nini, mzee wangu?"

Mzee Dadi akavua kofia yake, akaipigapiga gotini. Mara hii hakucheka. "Nimetumwa baiskeli."

"Nini?" Hapo nilishasahau kununa.

"Baiskeli, mtani. Kasema nikuombe kwa upole irudi."

"Na mimi?"

"Wewe hakukutaja."

Looh! Nilisimama juu ya mkeka na viatu vyangu. "Hakunitaja! Miaka yote hii nampikia, nampigia pasi kanzu ya kanisani, leo anatuma mtu kutoka Masasi kuja kuchukua chuma! Anaitaka ya nini? Aende nayo kwa Dominika? Mwambie atembee! Ana miguu, atembee!"

Isabela akanishika mkono. Mzee Dadi akaniacha mpaka pumzi ikaisha.

"Umemaliza? Kaa sasa. Mimi ni mtani wako, nitakwambia wanayoogopa wengine. Mumeo ana kidonda chini ya wayo. Si kidonda, ni shimo. Ni sukari hiyo. Tangu Sabasaba anakwenda kwa Nesi kuoshwa, na wewe ulipopita siku ile mguu ulikuwa kwenye beseni. Katoka nje, baiskeli hakuna. Karudi nyumbani anatembea, mchanga wa saa saba, mtu ambaye kutoka kitandani kwenda chooni anashika ukuta."

Isabela akauachia mkono wangu.

"Jana kengele ya kanisa kapiga mtu mwingine," akaendelea. "Mguu umevimba mpaka hapa," akagusa chini ya goti. "Nesi anamwambia nenda hospitali ya Ndanda, hataki. Anasema akiipata baiskeli yake tu, asiukanyagie ule mguu, utapoa wenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mumeo na kifo wameshaanza kusalimiana."

Soksi. Kandambili. Kujivuta ukutani ili mguu wangu usimguse. "Taratibu jamani." Yote yakanijia kwa mara moja, na lile neno nililosema chini ya mti likaja mwisho. Nilikaa chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, aibu ya mpaka masikio yanaziba. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Mimi ndiye niliyemwambia aje kwa miguu yake," kaka akasema. Alisema taratibu, hakumtazama mtu. Akageuka akarudi ghalani.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu, na vitu vyenyewe havikuwepo, ni kanga tu. Isabela akaninong'oneza, "Wifi, hujafuatwa."

"Najua."

"Watakucheka."

"Wacheke."

Kaka akaita kutoka ndani, "Cecilia! Ukijirudisha mwenyewe leo, kesho mkigombana usije kulia kwangu."

"Sitakuja, kaka."

Nikasikia anahangaika huko, kuku wanapiga kelele. Akatoka ameshika jogoo, yule mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba. Tangu dunia iumbwe mume ndiye anapeleka kuku kwa kaka wa mke. Akanikabidhi.

"Mpe shemeji."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

Baiskeli sasa. Mzee Dadi alidhani ataipanda ateremke nayo mlima kwa raha. Alipoiona alishika kichwa. "Hii nani kaila?"

"Mimi."

"Kha! Na mwenyewe hajui!"

Fundi wa pale Chilangala akaigongagonga ringi juu ya gogo, akaivuta spoku, akakata tamaa. Akasema itasukumika, haitapandika. Kila gurudumu likizunguka mara moja linasugua uma wa mbele, linalia kwiii. Tukapata kirikuu, kigari cha mizigo, kilichokuwa kinapeleka magunia ya korosho Masasi. Mzee Dadi akakaa mbele na dereva. Mimi nikapanda juu ya magunia, baiskeli mapajani, jogoo ubavuni, na kanga nimejifunika mpaka puani.

Kuteremka mlima ule ni kazi ya muda mfupi. Njia niliyosukumia baiskeli mchana kutwa ikawa inanipita huku nimekaa. Kona niliyowatukania vijana ilipita. Ule mti ukapita, na yule mama alikuwepo, anapepeta mtama, akainua mkono kunisalimia, nami nikainamisha kichwa nikajifanya namshika jogoo. Nilimwomba Mungu alifute lile neno. Nilimwambia, Bwana, ulinisikia lakini hukunielewa.

Chiungutwa wakanishusha. Mzee Dadi alikuwa anaendelea mpaka Masasi. Akaniwekea baiskeli wima, akanikabidhi usukani.

"Mtani, njiani wakikuuliza lolote, wewe jibu anaendelea vizuri."

"Nani anaendelea vizuri?"

"Jibu tu, usibishe. Leo usiwe Mmakua hata kidogo."

Nikaona ananikejeli, nikamgeuzia mgongo.

Basi nikaisukuma. Kwiii. Kwiii. Kila mtu alinisikia kabla hajaniona. Kengele ilikuwa hapo chini ya kidole changu, na kawaida baiskeli ile ikipita kengele inalia na watoto wanaitikia, lakini mimi ile kengele sikuigusa. Nilitembea natazama gurudumu. Nyumba ya kwanza ya kijiji, mzee mmoja barazani akaniita, "Pole na safari, Mama Huruma! Anaendeleaje?"

Nikasema kumbe. Wanajua wote. Wanauliza mguu wa mume wangu ili wanione nitajibu nini. "Vizuri, shikamoo," nikamjibu bila kuinua macho.

Wasichana kisimani, "Shikamoo mama, pole mama, anaendeleaje?"

"Vizuri."

Mbele kidogo akatoka Priska, mwenyekiti wetu wa Umoja wa Akina Mama, mikono imejaa unga. Alikuja mpaka njiani, akaishika baiskeli kabisa nisipite.

"Pole, mwenzangu. Kaka yako anaendeleaje?"

Hapo nikalipuka. "Kaka yangu ana nini? Mzima, anabeba gunia! Kama mmeamua kunicheka, nichekeni usoni, msinizunguke na makaka!"

Priska alirudi nyuma. "Mama Huruma! Jana kanisani tumemwombea, jina lake limesomwa! Baba Huruma Jumatano tulimkuta njiani anachechemea, tukamwuliza baiskeli iko wapi, akasema kakuazima wewe umkimbilie kaka yako, kaugua ghafla. Tulitaka kumwitia bodaboda, akasema anapenda kutembea."

Anapenda kutembea.

Kijiji kizima nilichodhani kinanicheka kilikuwa kinamwombea kaka yangu. Na Lameck, mtu ambaye hawezi kudanganya hata bei ya kuku, kasimama kwenye mchanga ule na kile kidonda, katunga uongo ili mimi niwe na uso wa kurudi nao.

"Ndicho ninachosema," nikamwambia Priska. "Kaka amepona. Kapona kabisa. Maombi yamefika."

"Bwana asifiwe!" Priska akanikumbatia na unga wake wote. Sikumbuki nilivyotoka pale.

Nyumbani nilipita nyuma. Lameck alikuwa uani, kwenye kiti cha kamba, mguu umepandishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, umefungwa kitambaa cheupe, na vidole vilivyotokeza vimekuwa na rangi isiyo ya mtu. Dominika alikuwa anamwaga maji ya beseni kwenye migomba. Mlangoni pa jiko nikaiona ndoo yangu ya unga, imefunikwa vizuri na sahani.

Nilimpigia goti Dominika. "Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakutabasamu. Akaninyooshea beseni tupu. "Haya, kazi yako hiyo. Maji ya uvuguvugu na chumvi. Kesho asubuhi apelekwe Ndanda. Si keshokutwa, kesho. Nimemwambia mpaka nimechoka, anasema haendi hospitali bila mwenye nyumba, ndiyo wewe." Akachukua mkoba wake akaondoka. Nilitaka kumwomba radhi, lakini alishapita.

Nikabaki na mume wangu, na jogoo, na baiskeli.

"Umekuja na nani?" akaniuliza.

"Peke yangu."

"Kaka yako kakuruhusu?"

"Hapana. Kakuletea kuku."

Akamtazama yule jogoo muda mrefu. "Mimi?"

"Wewe. Kasema nisikwambie kitu."

Kisha akasema, "Mama Huruma, sikuweza kuja. Nilijaribu. Niliishia penye mwembe wa shule."

Nilipiga magoti mchangani nikaanza kukifungua kile kitambaa. Akasema, "Acha, inanuka," akataka kuuvuta mguu. Nikaushika kifundoni. Ilikuwa inanuka kweli. Nikakitazama kile kidonda chote, sikugeuza uso, na machozi yakawa yanadondokea beseni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie vipi? Baba alikatwa mguu, akaishi miezi michache. Niliogopa. Nikajua nikikwambia utapiga kelele, utanibeba mgongoni mpaka Ndanda siku hiyohiyo."

"Ningekubeba."

"Ndiyo, ndicho nilichokuwa naogopa." Akapumua. "Na siku ile uliposikia sauti yangu mlangoni..."

"Nilisikia taratibu jamani."

"Alikuwa anakwangua na wembe, mwanamke wee! Halafu ananicheka, eti katekista mzima analia."

Nikataka kucheka, kicheko kikageuka kikawa kilio, nikalia pale juu ya mguu wake kwa sauti, majirani na wasikie. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nimekukosea, nimekuacha utembee, nimekusema vibaya mbele ya watu, nimesema heri ningekuwa mjane. Hilo la mwisho ningeweza kulificha, sikulificha.

Lameck akaitazama baiskeli, akasema, "Ringi imekuwaje?"

"Nimeibwaga kwenye jiwe."

"Hm," akasema. "Masikini."

Sikujua anaisikitikia baiskeli au mimi.

Asubuhi tukaondoka. Bodaboda ilishindikana, mguu ukining'inia anapiga kelele kama anachomwa. Nikamkalisha kwenye keria, mguu nikaunyoosha mbele juu ya tandiko, nikaufunga na mto na kanga, yeye kanishika bega, mimi nimeshika usukani. Gari la Masasi linapakia sokoni, na kwenda sokoni lazima upite katikati ya kijiji. Kwiii. Kwiii. Watu wakatoka. Priska akatoka, na yule mzee akasimama barazani kwake, na wasichana na ndoo zao.

"Baba Huruma, kulikoni?" Priska akashika mdomo. "Huo mguu! Mbona Jumatano ulisema unapenda kutembea?"

Lameck akajikohoza. Nikamwona anatafuta uongo mwingine wa kunifunika nao, na jinsi alivyochoka asingeupata. Nikaisimamisha baiskeli.

"Kaka yangu hakuugua hata mafua," nikasema. Nilisema kwa sauti, ileile ninayogombea. "Baiskeli hii sikuazimwa. Niliichukua kwa hasira, kwa wivu wangu, nikamwacha huyu atembee na mguu huu. Nesi Dominika alikuwa anamtibu. Nami nimejirudisha mwenyewe, sikufuatwa. Mkitaka kunicheka, nimesimama."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Priska alitazama mguu, akanitazama mimi, akatazama mchanga.

Lameck akaniminya bega. "Mama Huruma," akasema nyuma yangu, "piga kengele watupishe. Gari litatuacha."

Nikapiga kengele.